Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Kitabu chenyewe kilifika nyumbani kwetu hakina mwisho. Babu alikipata kwa jirani aliyekuwa anahama Ngamiani, mtaa wa mji wetu wa Tanga, ndani ya sanduku la kalenda kuukuu na misumari, na mchwa walikuwa wameshalifikia sanduku hilo kabla yetu. Jalada lilikuwepo, limefifia. Ukurasa wa kwanza ulikuwepo: Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Mwingereza H. Rider Haggard, imetiwa katika Kiswahili na Frederick Johnson. Chapa ya kwanza ya tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1929, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile walichokizoea wazee, nami nilikuwa nikikwama kwenye neno, Babu ananimalizia kabla sijavuta pumzi.

Ilikuwa mwaka 1983, niko darasa la sita. Macho ya Babu yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na kazi yangu baada ya sala ya isha ilikuwa kumsomea. Tulikaa barazani, kandili katikati, Babu kwenye kiti chake cha kamba, Bibi chini kwenye jamvi anasuka ukili. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuwa akija na birika lake la kahawa. Alianza kuja kwa ajili ya mazungumzo, siku ya tatu akawa anakuja kwa ajili ya kitabu, na nikichelewa kutoka kuosha vyombo alikuwa ananiita kwa sauti hadi mtaa wa nyuma wanasikia.

Hadithi yenyewe wengi wanaijua. Mwindaji mzee, Allan Quatermain, anaajiriwa na Sir Henry Curtis kwenda kumtafuta ndugu yake aliyepotelea nyikani akitafuta almasi za Mfalme Sulemani. Pamoja nao yuko Captain Good, na mtumishi mmoja mrefu anayeitwa Umbopa, ambaye anatembea na kusema kama mtu asiyekuwa mtumishi. Wanavuka jangwa, wanapanda milima yenye theluji, wanaingia nchi ya Wakukuana. Huko inajulikana kwamba Umbopa ni Ignosi, mfalme wa haki, na kiti chake kimekaliwa na Twala.

Sijapata kuwaona watu wazima wakikishika kitabu kama wale walivyokishika kile. Babu alikuwa amefanya kazi bandarini miaka mingi, kwenye matishari, maana Tanga meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali na marobota ya mkonge yanapelekwa kwa tishari. Kwake yeye Quatermain alikuwa mtu wa kuaminika kwa sababu anakiri kwamba anaogopa. "Huyo ndiye wa kufanya naye kazi," alisema. "Asiyeogopa atakuulia watu." Fundi yeye alimpenda Umbopa tu, na kila Quatermain alipoingiwa na kinyongo kwamba mtumishi anasema sana, fundi alikuwa anatikisa kichwa na kumwambia Quatermain, si mimi, "Ngoja."

Bibi alikuwa hasemi. Alisoma chuoni, herufi za Kiarabu alizijua vizuri na tenzi alizisoma kwa sauti inayotuliza watoto, lakini maandishi ya Kizungu hakuyapata. Nilidhani hasikilizi. Kumbe alikuwa anahesabu. Siku tulipofika mahali Captain Good anaugua homa baada ya vita, na msichana wa Kikukuana aitwaye Foulata anakaa kando yake saa 18 bila kujinyoosha, asije akamwamsha, hata mwishowe ilibidi abebwe kwa sababu viungo vimekataa, Bibi aliweka ukili chini.

"Huyu msichana hatarudi nao," alisema.

Fundi akamwambia, "Bibi, ndiyo kwanza wamependana."

"Ndiyo maana."

Hakusema zaidi, na mimi nikaendelea.

Tulipofika kwenye pango la wafalme waliokufa, Fundi alitaka nisome mara mbili. Wafalme wa Wakukuana wamekalishwa mezani humo, mmoja baada ya mwingine, maji yanawadondokea kutoka juu miaka na miaka hadi wamekuwa mawe. Mtu wa mahali pengine labda atasema mwandishi amezidisha. Sisi tuna Amboni. Mapango yale yako kilomita 8 tu kaskazini mwa mji, njia ya Mombasa, ni ya mawe ya chokaa, na mwaka ule ule shule ilikuwa imetupeleka. Namkumbuka mzee aliyetuongoza akipandisha mwenge ukutani, jiwe linatoa bega, linatoa kidevu, linatoa kichwa kilichoinama. Tone moja liliniangukia shingoni, baridi kama chuma, nikalifuta haraka kabla halijafanya kazi yake. Humo watu bado walikuwa wanapeleka ubani na nguo za tambiko, na humo inasemwa alijificha Osale Otango alipokuwa anatafutwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950. Kwa hiyo barazani kwetu hakuna aliyebishana na wale wafalme. Babu aliuliza tu kama mwandishi aliwahi kufika Tanga.

Kisha kizee mchawi, Gagool, anawapeleka kwenye chumba cha hazina. Jiwe zito linainuliwa kwa hila ya siri. Foulata anajisikia vibaya njiani, anakaa ukutani na kikapu chake cha chakula, wanaume wanamwacha hapo na kwenda mbele kwenye almasi.

Nikageuza ukurasa, hakuna ukurasa. Palikuwa na uzi wa jalada na unga wa mchwa.

Wiki nzima ile baraza haikulala. Fundi alikuwa na mwisho wake: Foulata anaolewa, Good anabaki kuwa amiri wa jeshi la Ignosi. Babu alisema Gagool atawafungia ndani, maana macho ya mtu yakiwa kwenye mali hayaoni mlango. Bibi alishikilia neno lake. Nilimuuliza mchana, tukiwa wawili jikoni, kwa nini anasema msichana hatarudi. Alikuwa anakuna nazi. Alisema bila kuinua uso, "Mwanangu, wampeleke wapi?"

Aliyetuokoa ni mwalimu wa Kiingereza aliyepanga chumba cha uani. Alisikia habari, akacheka kwa furaha, akasema kitabu hicho anacho kwa Kiingereza. Ijumaa baada ya isha akaja nacho, kidogo, jalada gumu, akakaa mahali pangu karibu na kandili. Alikuwa anasoma kimya mistari michache, kisha anainua uso na kututafsiria. Alitafsiri vizuri kweli. Mpaka leo ninapotafsiri barua ya mtu nasikia namna yake ya kukaa na sentensi kwanza.

Babu alikuwa amepatia. Wanaume wameinamia makasha ya almasi, Gagool anatoroka kulishusha jiwe, Foulata anapiga kelele na kumshika. Kizee anamchoma kisu. Foulata hamwachii, mpaka jiwe linashuka na kumponda Gagool akiwa anapenya chini yake. Kisha Foulata anakufa mikononi mwa Good, na kabla ya kufa anasema ni heri, kwa sababu jua haliwezi kuoana na giza, wala mweupe na mweusi.

Fundi alisema, "Lahaula." Babu alikohoa. Bibi alikuwa amekaa vile vile, vidole vimeshika ukili bila kuusuka.

Mwalimu aliendelea. Wanapita chini ya ardhi gizani, wanatoka. Quatermain alikuwa amejaza almasi mifukoni mwa koti lake la zamani kabla ya kuondoka chumbani. Babu, aliyebeba mali ya watu maisha yake yote na kuhesabiwa kila robota, alilisikiliza hilo kwa makini na kusema kwamba almasi hizo zilikuwa na wenyewe. Kisha Ignosi anawaaga, na hapo ndipo Babu alipojipiga paja. Ignosi anawaambia nchi yake haitaki tena mzungu mwingine: si mfanyabiashara na bunduki na pombe, si mhubiri, si mtafuta mawe yanayong'aa. Akija mmoja atamrudisha, wakija mia atawasukuma, likija jeshi atapigana nalo. "Huyo ni mfalme!" Babu alisema. "Huyo amejua!" Mwalimu akatueleza kwamba kitabu kilitoka 1885, mwaka ambao Wajerumani walitangaza madai yao kwenye nchi hii, na kwamba Haggard mwenyewe alikuwapo Pretoria mwaka 1877 Waingereza walipoitwaa Transvaal, kule Afrika Kusini, akashiriki kuipandisha bendera. Fundi alistaajabu mno. Mtu aliyepandisha bendera, na kalamu yake ndiyo iliyompa Ignosi maneno yale. Sijui kama nimewahi kupata jibu zuri la mshangao wa fundi. Naendelea kuamini kwamba kuna mahali katika kitabu kile wahusika wanajua mengi kuliko mwandishi wao.

Lakini kabla ya kuaga kwa Ignosi palikuwa na ukurasa ambao mwalimu aliusoma kimya kwa muda mrefu. Kisha akafunua ukurasa unaofuata.

Bibi alisema, "Mwalimu, hapo umeruka."

"Si kitu, Bibi. Ni mawazo ya mzee Quatermain tu."

"Basi soma mawazo yake."

Mwalimu akarudi nyuma. Akasoma polepole, na sauti ilikuwa imepungua. Quatermain anasema Good alihuzunika sana. Anasema msichana hakuwa wa kawaida, alikuwa na uzuri na akili njema. Lakini yeye kama mtu mzima aliyeijua dunia anaona kuondoka kwake kulikuwa jambo la heri, maana vinginevyo matatizo yangetokea bila shaka. Na anayarudia maneno ya Foulata, ya jua na giza.

Hakuna aliyesema kitu. Nilisikia mbu na mtu anafunga duka mtaa wa pili. Nilimpenda sana Quatermain, nilikuwa nimetembea naye jangwani usiku ule wote wa kiu, na niliona haya kwa ajili yake kama mtu wa nyumbani kwetu amesema jambo baya mbele ya wageni.

Bibi hakukasirika. Alisema, "Dada yangu hakuchomwa kisu. Yeye aliachiwa cherehani."

Ilinichukua muda. Cherehani ya mkono ilikuwa chumbani kwa Bibi, chini ya kitambaa cheupe, na siku zote iliitwa ya marehemu bibi mkubwa. Nilikuwa najua kwamba bibi mkubwa aliishi kwenye shamba la mkonge, njia ya Muheza. Sikujua aliishi na nani. Usiku ule Bibi alisema machache sana: mzungu mmoja, miaka 6, safari ya kwenda kwao ambayo dada hakuambiwa mpaka masanduku yalipofungwa. Babu alikuwa anajua, niliona kwa namna alivyoinamisha kichwa. Fundi, aliyekuwa ameazima cherehani ile mara nyingi yake ilipoharibika, alimimina kahawa na kumpa Bibi kikombe kwa mikono miwili.

Kesho yake mwalimu alinisaidia kuandika mwisho wa kitabu kwenye karatasi za daftari, zisiwe na mistari mingi, nakumbuka tulizichagua. Nilipofika kwenye yale mawazo ya Quatermain niliyaacha. Nilimsomea Bibi jioni, nikiwa na hakika kwamba nimemfanyia wema.

Aliuliza maneno ya mzee yako wapi.

Nikamwambia nimeyatoa.

"Yaandike," alisema. "Msichana akifa tu, watu watadhani ni kisu."

Niliyaandika. Bibi akaifunua cherehani, akatia uzi mweusi, akazipanga karatasi zangu nyuma ya kurasa zilizobaki za mchwa na kuzishona pamoja, anazungusha mkono polepole kwa sababu karatasi inachanika upesi kuliko kitambaa. Mshono umepinda kidogo pale sindano ilipokutana na gundi ya jalada. Hapo kitabu kikifunguliwa kinalia, na mimi hukifungua hapo.