Mzigo Ulifika, Mimi Nikapita

Barua iliyonivunja moyo niliigawa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa Machi 2019. Meli yetu ya watalii ilikuwa imetia nanga Unguja, abiria wanashushwa kwa boti ndogo kwenda Mji Mkongwe. Mimi nilikuwa mhudumu wa vyumba, nikihesabiwa vyumba 16. Saa nne asubuhi msimamizi akatukusanya, akampa kila mmoja bunda la bahasha: penyeza chini ya mlango, usijibu maswali, anayeuliza mwelekeze mapokezi. Bahasha moja haikufungwa vizuri. Nikaisoma nikiwa nimeinama mlango wa pili. Dar es Salaam, tuliyotakiwa kuingia kesho yake, imeondolewa kwenye safari.

Nilibaki vilevile nimeinama, bahasha 15 mkononi.

Ulikuwa mkataba wangu wa tatu, kila mmoja miezi tisa. Nilikuwa nimefika Barcelona mara nyingi kuliko Bagamoyo, na kabla ya safari hiyo Dar haikuwahi kuwamo kwenye ratiba hata siku moja. Mama alikuwa ameutangazia mtaa mzima wa Kigamboni tangu Januari kwamba meli yetu inakuja. Alikuwa na sababu yake. Kwetu ukisema kijana wako ni baharia, watu wanaelewa kwamba amezamia, amejificha kwenye meli ya mizigo na sasa hivi yuko Durban anahangaika. Mama aliyavumilia maneno hayo miaka. Alichotaka ni majirani wasimame pale kwenye kivuko, meli iingie mchana kweupe, na mimi niwe juu nimevaa sare.

Na Dar inaliwezesha jambo hilo. Mlango wa bandari yake ni mwembamba. Meli inapita katikati ya Magogoni na Kigamboni, karibu kabisa na soko la samaki la Feri, na pantoni linasubiri liipishe. Ukiwa kwenye foleni ya pantoni unasoma jina la meli bila shida, unaona hata waliojiegemeza juu kule. Utotoni tulikuwa tunawapungia mikono. Wengine walipunga, wengine walitupiga picha tu.

Sababu ya kuiruka Dar ilikuwa ya kweli, siwezi kudanganya. Kimbunga kilikuwa kinajijenga kwenye Mlango wa Msumbiji, palepale tulipotakiwa kupita kwenda Durban. Nahodha akaamua kuzunguka mashariki ya Madagascar. Njia hiyo ni ndefu, na siku za kuzungukia zilipatikana kwa kufuta Dar na Nosy Be, kisiwa cha Madagascar. Kimbunga chenyewe ndicho Idai, kilichoipiga Beira, mji wa Msumbiji, usiku wa tarehe 14. Tulipokuja kuona picha za Beira kwenye televisheni ya bwalo letu, hakuna aliyemnung'unikia nahodha tena. Lakini asubuhi ile ya Unguja nilikuwa sijui lolote la Beira. Nilikuwa nawaza pilau.

Kufikia mchana mapokezi palikuwa kama ofisi ya maji siku bili zimekosewa. Mkataba wa tiketi unampa nahodha haki ya kuruka bandari yoyote, ila abiria huwa hawausomi mpaka siku hiyo. Walichorudishiwa ni ada za bandari, nazo ziliingizwa kwenye akaunti zao za melini, na wengi walizimalizia baa usiku uleule. Aliyelipia matembezi kwa kampuni ya meli alirudishiwa. Aliyejipangia na wakala wa nje alibaki kupiga simu. Mama mmoja alinishika mkono akasema likizo yake imeharibika. Nikamwambia pole sana. Nilimaanisha nusu.

Chumba changu kimoja kilikuwa cha mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Dar yeye alitaka kitu kimoja tu: kwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kwa ajili ya Zinjanthropus, lile fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Hakulalamika. Aliniuliza kama mimi nimewahi kufika. Nikamwambia ndiyo, tulipelekwa na shule, darasa la tano, na ninachokumbuka zaidi ni barafu za ukwaju tulizonunua nje ya geti. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha macho yake yakatua kwenye kibao cha jina kifuani mwangu, ambacho chini yake huandikwa nchi.

"Kumbe ni kwenu," alisema.

Kati ya abiria wote, ni yeye tu aliyegundua. Akaniambia chumba chake siku hiyo hakihitaji kuguswa, akatundika mlangoni kile kibao cha kuomba asisumbuliwe.

Vyumba vilivyobaki vilichukuliwa na mwenzangu wa Mombasa. Juzi yake ndugu zake walikuwa wamemletea mahamri mpaka Kilindini, ndoo nzima, na aibu ya kushiba ilikuwa bado inamsumbua. "Sasa wataka kukaa hapa walia?" aliniuliza. "Boti za Dar si hizo zaondoka Malindi? Mzigo upeleke. Vyumba n'tamaliza mimi."

Nikashuka na begi. Pale Malindi, bandari ya Unguja, boti ya Dar ilikuwa inapakia, na nakiri nilipiga hesabu. Mwendo wa saa mbili hivi baharini, ningeshuka Dar jua halijazama. Lakini saa kumi na moja wafanyakazi wote tulitakiwa melini, na pasipoti yangu ilikuwa imefungiwa ofisini huko. Kwenda kulikuwepo, kurudi hakukuwepo.

Kwenye foleni nikamwona mama mmoja mwenye mtoto amelala begani.

"Shikamoo mama. Samahani, unaweza kunifikishia mzigo Dar? Mdogo wangu atakupokea getini."

"Marahaba. Mna nini humo?"

"Blanketi, sabuni, dawa ya kuchua miguu, chokoleti za watoto."

"Fungua nione."

Nikafungua palepale chini. Alikagua kuliko forodha, akaingiza mkono mpaka kwenye mikunjo ya blanketi. Hela alikataa. Chokoleti moja ya mtoto akachukua.

Saa tatu kasoro usiku nilikuwa sitaha ya nyuma, ya wafanyakazi. Mdogo wangu alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba begi limefika salama. Laini yangu ya Tanzania ilikuwa bado inashika, nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mchele nimeshauchambua, kwa hiyo kesho napika. Watu nimewaalika, watakula."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia imepita. Kwani uongo?" Nyuma yake nikasikia upepo na sauti za watu. Walikuwa ufukweni, yeye na majirani. "Halafu tunaiona hapa. Ina taa nyingi, imesimama imetulia."

Sisi hatukuwa tumesimama. Tulikuwa tunakata maji kwenda kusini, na upande wa Dar nilichokiona mimi ni wekundu hafifu chini ya anga. Nje ya bandari ya Dar meli za mizigo hutia nanga kungoja gati, na moja ya hizo ndiyo aliyokuwa anaitazama.

"Yenye taa nyeupe mbele?" nikauliza.

"Hiyohiyo! Washa tochi ya simu, baba, upunge."

Nikaweka sauti ya nje, nikawasha tochi, nikapunga kuelekea kwenye ule wekundu. Mwenzangu wa Mombasa akatokea mlangoni akauliza nampungia nani gizani.

"Mama."

Akatoa simu yake, akawasha na ya kwake.