Mkunazini, na ile hela ya shemeji

Basi jumamosi nikakamata boti ya asubuhi kwenda Unguja. Shemeji yangu wa Fuoni alichukua hela yangu ya bajaji, bajaji hatukuiona wala hela, simu akawa hapokei, sasa kaniita eti njoo tuyamalize. Wife akasema we nenda tu. Ya baharini sina mengi, mama wa siti ya pembeni alitapika toka Dar mpaka bandarini Malindi hapohapo Unguja, masikini.

Kushuka nikaona nisiende Fuoni na hasira, nikakata mitaa mpaka Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana, pale palipokuwa soko la watumwa hadi Sultani Barghash alipolifunga 1873 kwa kubanwa na Waingereza. Kijana anayetembeza wageni, Muislamu wa hapohapo Mji Mkongwe, akanifikisha mbele ya altare, chini kuna duara la marumaru nyeupe limezungushiwa nyekundu. "Hapa kaka'angu ndo palikuwa na mti wa kuchapia watu, huo wekundu damu yao." Miguu ikagoma kabisa kukanyaga. Askofu Steere na wenzie waliolijenga kanisa wangeweza kupafukia wakajenga pengine, ila altare ikakaa palepale penye kidonda, na nje kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, shingoni minyororo. Sasa hawa wanaosema samehe na usahau mi siwaelewagi, Yesu mwenyewe kafufuka na makovu ya misumari na Tomaso akaonyeshwa!

(Nyuma kule kuna nguzo zimesimikwa kichwa chini miguu juu, wanasema mafundi walikosea askofu akiwa hayupo, zikaachwa hivyohivyo. Nimezipenda kweli.)

Kwenye daladala nikafungua Mathayo 18 kwenye simu, yule mtumwa kasamehewa talanta elfu 10 halafu anaenda kumkaba koo mjoli wake, yaani mtumwa mwenzie, kwa deni la dinari 100, nikacheka peke yangu konda akaniangalia.

Fuoni pilau lishaiva. Shemeji akaanza kulia hata hajanawa, nikamwambia kula kwanza bwana. Tulipomaliza nikamwambia mbele ya mama mkwe, ile hela nimefuta, sikudai na watoto wangu hawatakudai, ila biashara mi na wewe basi, tubaki ndugu. Kanyamaza, kisha akasema hewala. Jumapili akanisindikiza bandarini, nauli ya daladala kalipa yeye.