Vichuguu vya Temin

Usiku huu namuwaza Howard Temin, mtafiti wa virusi vya saratani wa Marekani, hasa namna alivyoanza: kwa kuhesabu. Wengi humtaja kwa kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) cha mwaka 1970, kinachonakili RNA kuwa DNA, na Tuzo ya Nobel ya 1975. Mimi naona kazi yake yote ilisimama juu ya sahani ya seli za kuku.

Virusi vyenyewe, vya Rous, vinavyowapa kuku uvimbe wa saratani, havikuwa vigeni. Mwaka 1911 Peyton Rous alionyesha kwamba uvimbe wa kuku ukisagwa, ukapitishwa kwenye chujio linalozuia seli na bakteria, maji yanayobaki bado humpa kuku mwingine uvimbe. Shida ni kwamba kudunga kuku na kungoja hakukupi kipimo unachoweza kukitegemea. Kuku hawafanani, na muda unakwenda. Mwaka 1958 Temin, akiwa bado mwanafunzi huko Caltech, chuo cha teknolojia cha California, akishirikiana na mtafiti Harry Rubin, aliuhamishia ugonjwa huo sahanini.

Mbinu yenyewe ni ya kazi za mikono. Unachukua mayai yaliyoatamiwa siku 10 hivi, unatoa vijusi, unaondoa vichwa na matumbo, unakatakata kilichobaki na kukiloweka kwenye tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, ya asilimia 0.25 kwa nyuzijoto 37 mpaka seli ziachane. Ukizidisha muda, tripsini inaanza kuzila seli zenyewe. Seli zikishashika sahani, unaweka mililita 0.1 ya virusi vilivyozimuliwa, unasubiri vijishike, kisha unafunika kwa agari, jeli ya mwani, ili virusi vipya visiogelee na kuanzisha maambukizo ng'ambo ya sahani. Agari ikimwagwa ya moto sana, seli zinaungua. Ikipoa mno, inaganda mabonge mabonge. Baada ya wiki hivi, seli zilizobadilika zinakuwa duara, zinang'aa chini ya hadubini, zinapandana. Mimi huviita vichuguu.

Sasa unahesabu. Vichuguu 40 kutokana na mililita 0.1 ya virusi vilivyozimuliwa mara 10,000 vina maana ya chembe milioni 4 zenye uwezo wa kuambukiza katika kila mililita ya mwanzo. Na hapa ndipo penye utamu: ukizimua mara mbili zaidi, vichuguu navyo hupungua kwa nusu. Kama zingehitajika chembe mbili kuibadilisha seli moja, vingeshuka hadi robo. Kwa hiyo chembe moja inatosha.

Kuna siku sahani hubaki tupu ingawa virusi ni vizima. Rubin alikuja kugundua kwamba baadhi ya vijusi vilirithi virusi vingine vya kuku kutoka kwa mama, navyo vikawa vimekwisha kuufunga mlango. Ndiyo maana asili ya mayai si jambo dogo katika kazi hii.

Temin hakuishia kwenye hesabu. Aliviangalia vichuguu vyake. Aina moja ya virusi ilifanya seli ziwe duara, nyingine ikazifanya nyembamba na ndefu, na watoto wa seli hizo walirithi umbo lilelile. Maana yake virusi vilikuwa vinaiandikia seli tabia, si kuitibua tu. Lakini virusi hivi hubeba urithi wao katika RNA, na seli hutunza wake katika DNA, molekuli nyingine ambayo kwa kawaida ndiyo hunakiliwa kuwa RNA.

Alipohamia Madison, Wisconsin, mwaka 1960, alijaribu aktinomisini D, dawa inayoshikamana na DNA na kuzuia isinakiliwe kuwa RNA. Virusi vya polio, ambavyo navyo ni vya RNA, haviijali. Virusi vya Rous vilikoma kuzalishwa. Mwaka 1964 akapendekeza kwamba virusi hivi hujigeuza DNA ndani ya seli. Wenzake hawakumwamini, na kusema kweli walikuwa na hoja: aktinomisini ni sumu, na seli mgonjwa haizalishi kitu. Ushahidi wa dawa peke yake daima una tundu hilo.

Ufunguo ulitoka kwa Satoshi Mizutani katika maabara hiyohiyo. Alipozuia seli zisitengeneze protini mpya, bado virusi viliweza kuanza maambukizo. Basi kimeng'enya kinachoigeuza RNA kuwa DNA lazima kiwe kimebebwa ndani ya virusi. Wakavipasua kwa sabuni ya maabara, wakaongeza magnesiamu na matofali manne ya DNA, moja likiwa na tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, wakaivua DNA mpya kwa asidi na kupima mionzi. Kipimo kilichowafunga wapinzani mdomo kilikuwa kingine: ukianza kwa kuiharibu RNA ya virusi kwa ribonukleasi, kimeng'enya kinachokata RNA, mionzi inaporomoka, na ukiupa mchanganyiko deoksiribonukleasi, kinachokata DNA, mwishoni, ulichotengeneza kinayeyuka. RNA ndiyo kiolezo, DNA ndiyo nakala. Mtafiti mwingine, David Baltimore, alifika hapohapo kwa njia yake, na makala zao zikatoka pamoja Juni 1970.