Siku moja na madirisha ya TCP

Saa 1:30 asubuhi. Naanza na grafu za usiku. Zote kijani, hakuna laini iliyovuka nusu ya uwezo wake. Siziamini sana grafu hizi: zinasema laini imejaa kiasi gani, hazisemi nani anamsubiri nani. Tiketi ya kwanza (ripoti ya tatizo) inanipa haki: nakala za akiba kwenda kituo cha mbali hazijaisha tangu jana. Laini ni ya megabiti 200 kwa sekunde, pakiti huenda na kurudi kwa milisekunde 180, lakini data inatambaa chini ya megabiti 3.

Saa 2:15. Kabla ya kugusa kifaa chochote napiga hesabu. Katika TCP, itifaki inayohakikisha data inafika kamili na kwa mpangilio, mpokeaji hutangaza kila mara nafasi iliyobaki kwenye bafa yake, yaani kumbukumbu ya muda ya data inayoingia. Nafasi hiyo ndiyo dirisha, na mtumaji akishaijaza hana ruhusa ya kuendelea mpaka ACK, yaani majibu ya kuthibitisha kupokea, zirudi. Kichwa cha pakiti kimeitengea namba hiyo biti 16 tu, kwa hiyo mwisho wake ni baiti 65,535. Zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde 0.18, unapata megabiti 2.9. Ndiyo kasi ileile inayolalamikiwa! Ili laini hii ijae, baiti milioni 4.5 lazima ziwe njiani kwa wakati mmoja.

Dawa ipo tangu 1992, kwenye waraka wa kanuni za intaneti RFC 1323, ambayo RFC 7323 ilichukua nafasi yake mwaka 2014. Pande mbili hukubaliana kuzidisha dirisha kwa kipimo fulani, hadi mara 16,384, karibu gigabaiti 1. Ila makubaliano hayo hufanyika ndani ya pakiti za SYN pekee, zile za kwanza kabisa, muunganisho unapofunguliwa. Upande mmoja usipotaja kipimo chake, wote wanabaki na baiti 65,535 mpaka mwisho.

Saa 3:00. Pakiti zilizonaswa usiku zimefika, nyingi ajabu, na hazinisaidii. Unasaji ulianza muunganisho ukiwa umeshashika kasi, SYN haimo, na Wireshark, programu ya kusomea pakiti, inaandika -1 mahali pa kipimo, yaani hakijulikani. Dirisha linalosomeka 501 linaweza kuwa baiti 501, au 64,128 kama kipimo ni mara 128. Tunaufunga muunganisho na kunasa upya, safari hii pande zote mbili.

Saa 4:40. Limepatikana. SYN inaondoka kwenye seva yetu na kipimo cha 7, yaani 2 kwa kipeo cha 7, mara 128. Inafika upande wa pili bila kipimo, pengo lake limezibwa kwa NOP, baiti za kujazia tu. Seva haziwezi kufanya hivyo. Ni kifaa cha ulinzi kilichoko katikati, chenye kanuni ya kufuta kila nyongeza ya TCP isiyo kwenye orodha yake. Mwaka 2004 watumiaji wa Linux walisumbuliwa na ruta zilizoharibu kipimo hikihiki, na tabia hiyo haijafa. Naandika ombi la kubadilisha kanuni, picha za pande mbili zikiwa ushahidi.

Saa 8:00 mchana. Programu ya ripoti inaganda. “Kaka, mtandao wenu tena,” wananiambia. Natazama: seva yao inatangaza dirisha 0 kwa sekunde kadhaa, mtumaji anabisha hodi kwa vipakiti vya kuulizia, jibu ni 0 tena. Data imeshafika ndani ya bafa ya seva. Programu ndiyo haiisomi. Nawarudishia tiketi.

Saa 9:30. Narekebisha arifa zetu, maana zilikuwa zinapiga kelele kwa kila dirisha 0. Pakiti za RST, za kukata muunganisho ghafla, huwa na 0 na hiyo haina maana yoyote, na kichezeshi cha video huacha kusoma kwa makusudi kinapokuwa na akiba ya kutosha. Sasa arifa inalia sifuri ikidumu zaidi ya sekunde 1 kwenye seva tulizozitaja. Dirisha la msongamano, kikomo anachojiwekea mtumaji ili asiujaze mtandao, sijaliwekea kitu, kwa sababu haliandikwi kwenye pakiti. Analijua mtumaji peke yake, na huko nalichungulia kwa ss -ti, amri ya Linux.

Saa 11:00 jioni. Kanuni imebadilishwa, nakala zinakwenda kwa megabiti 135 hivi. Kwa nini si 200? Linux ya seva hizi imeiwekea bafa ya kupokea kikomo cha baiti 6,291,456 kwenye mpangilio wa tcp_rmem, na karibu nusu yake tu ndiyo hutangazwa kama dirisha. Ya kutuma, tcp_wmem, inaishia 4,194,304. Naomba zote mbili zipandishwe hadi 16,777,216, kwa seva hizi za nakala peke yake. Nyingine zina maelfu ya miunganisho mifupi, na sioni sababu ya kuzifungulia RAM yote hiyo.