Siku Moja Maishani Mwangu: Bia ya Ukungu Katika Joto la Kiembeni

Saa kumi na moja alfajiri

Adhana ilinikuta uani nazungusha kinu. Siku ya kupika bia naamka mapema kwa sababu ya jua, si kwa bidii: ikigonga saa nne ua huu haukaliki, na mimi nina jiko la gesi la kukaa nalo nusu siku. Kazi inayonipa riziki ni ufundi wa friji na AC, kwa hiyo joto la Mombasa ndilo linalonilisha. Jumamosi nisipoitwa kazini napika IPA, bia yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), ile ya kisasa yenye ukungu, inayonukia embe na pasheni kabla hujaitia mdomoni.

Kinu changu ni cha mkono, cha roli mbili. Mashine ya posho ya mtaani ingezimaliza kilo zote mara moja, lakini inasaga laini mno. Ganda la shayiri likishakuwa unga, bia inabaki na ukakasi ulimini. Ninachotaka ni punje ipasuke vipande vitatu vinne na ganda libaki zima. Nachota kiganjani, napuliza: maganda yakipeperuka mazima na chenga nyeupe zikabaki, roli ziko sawa.

Leo ni kilo tano za kimea cha shayiri, kilichoteremka na basi kutoka Nairobi, gramu 900 za oti za uji, hizi hizi za supamaketi, na gramu 700 za ngano iliyobanwa. Oti na ngano hazipiti kinuni. Hizo ndizo zinazoleta ukungu: protini zake hushikana na polifenoli, kemikali za asili zilizomo kwenye hopsi, na kubaki zikielea. Mgeni akiona glasi anadhani hamira haijatua. Ilishatua zamani.

Saa kumi na mbili na nusu

Maji. Kila anayesikia napika bia Mombasa huniuliza kuhusu joto, na hakuna anayeniuliza kuhusu maji, ilhali ndiyo yanayoniumiza kichwa zaidi.

Maji ya mfereji hapa yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, na yakija yanakuja na klorini. Klorini hiyo, ikikutana na kimea na hamira, inazaa harufu ya plasta ya kidonda ambayo haitoki tena. Kisima cha ploti nacho ni chumvi tupu. Mwenye mkokoteni alipiga kengele langoni akauliza, "Kaka, leo mitungi mingapi, na ya maji gani?" Nikamwambia ya chumvi, ya kuoshea na kupozea, ninayo kisimani. Ya kupikia nanunua yaliyochujwa, lita 30, yale ambayo yamevuliwa karibu kila kitu.

Kisha narudisha ninachotaka mwenyewe. Gramu nane za kloridi ya kalsiamu, gramu tatu za jasi, yaani salfeti ya kalsiamu. Uwiano huo ndio siri ya bia hii kuwa laini mdomoni: kloridi iwe kama mara mbili ya salfeti. IPA ya zamani ya Waingereza ilikuwa kinyume chake. Maji ya Burton, mji wa bia huko Uingereza, yana salfeti tele, na salfeti huuchonga uchungu wa hopsi ukawa mkali na mkavu. Kichekesho ni kwamba kisima changu kina kloridi ya kumwaga. Ila imekuja na sodiamu yake, na bia yenye sodiamu hiyo ungeweza kuichemshia viazi.

Saa moja na nusu

Maji yalipofika digrii 71 nikazima moto na kuteremsha kimea ndani ya mfuko wa wavu, kwenye sufuria la lita 50. Nafaka ni baridi kuliko maji, ikaushusha moto hadi 67, na hapo ndipo ninapotaka pakae saa nzima. Ningeiweka 63 ningepata sukari rahisi ambayo hamira ingeila yote, bia ikawa nyepesi na kavu. Kwenye 67 au 68 inabaki sukari nzito isiyoliwa, na hiyo ndiyo inayoipa bia ya ukungu mwili wake. Nikalizungushia sufuria magodoro mawili ya zamani ya kitanda cha mtoto, nikaenda kutafuta mahamri na mbaazi.

Saa tatu kasoro

Kunyanyua mfuko wa kilo sita na ushei uliojaa maji ya moto kunahitaji kamba na boriti. Nauning'iniza juu ya sufuria uchuruzike wenyewe, siukamui. Kilichobaki ndani ni machicha, na machicha yana mwenyewe: jirani yangu wa nyuma, mama mtu mzima anayefuga mbuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepika leo?"

"Nimepika. Haya hapa, bado ya moto."

Akauliza anavyouliza siku zote, "Hayajaingia hamira?"

"Bado, mama. Hamira naitia mchana, tena kwenye pipa. Humu haifiki."

"Haya. Mbuzi wangu mimi si walevi."

Akaondoka na karai kichwani. Jumamosi nisipopika huwa ananiuliza kama naumwa.

Saa tatu na nusu

Moto mkubwa sasa. Yakianza kuchemka povu hupanda ghafla, na hapo husogei hata hatua moja. Lilipotulia nikatia gramu kumi tu za hopsi za uchungu. Gramu kumi kwa lita 20 ni kiasi kidogo, na ni kwa makusudi. Asidi za alfa zilizomo kwenye hopsi hugeuka kuwa uchungu zikichemka muda mrefu, na moto huohuo hufukuza mafuta yenye harufu. Kwa hiyo katika bia hii hopsi karibu zote zinasubiri moto uzimwe.

Simu ikalia katikati. Jikoni kwa hoteli moja ya Bamburi, chumba cha baridi cha samaki kimepanda hadi digrii nane. "Fundi, tunakungoja." Nikamwambia aangalie kama feni ya nje inazunguka. Haizunguki. Nikamtuma kijana wangu na kapasita mbili mfukoni, kile kifaa kidogo kinachosaidia feni kuwaka, kwa sababu kwa feni ya pembeni mwa bahari ukikisia kapasita hukosei sana. Mimi sufuria linachemka, siendi popote.

Saa tano kasoro robo

Hapa ndipo siku yangu inapokuwa tamu. Nikazima gesi, nikateremsha koili ya shaba ndani ya sufuria. Koili niliikunja mwenyewe kwa bomba lile lile la AC. Nikapitisha maji ya kisima mpaka kipimajoto kikasoma 80, nikafunga.

Hopsi zinakaa kwenye friza, kwenye pakiti zilizonyonywa hewa. Pakiti iliyolala nje kwa joto la Mombasa utaijua kwa pua: inanuka jibini. Nikakata kwa mkasi pakiti ya hopsi aina ya Citra, na harufu ikafika mlangoni kabla ya mkono wangu kufika kwenye sufuria: ndimu, embe lililoanza kulegea, na kitu kama majani mabichi. Aina ya pili, Mosaic, ina uzito zaidi, matunda ya zambarau na utomvu. Gramu 50 za kila moja. Vidonge vya kijani, maana hopsi huja zimesagwa na kubanwa, vikaelea, vikavimba, vikapasuka kuwa matope. Nikakoroga taratibu kwa upande mmoja, nikaziachia nusu saa. Kwenye 80 uchungu hutoka kidogo, na mafuta mengi hubaki ndani.

Mtindo huu haukuzaliwa pwani yoyote. Bia inayotajwa zaidi kama mama yake ni Heady Topper ya kiwanda cha The Alchemist, Vermont, Marekani, iliyoanza kupikwa na John Kimmich mwaka 2004. Vermont ni sehemu ya theluji. Miaka mingi wapishi wa nyumbani wa huku kwetu tuliangalia tu, kwa sababu hamira za bia hiyo zinataka digrii 18 hadi 22, na hakuna kona ya nyumba yangu iliyowahi kuwa na digrii 22, labda ndani ya friji.

Saa sita mchana

Suluhisho lilitoka Norwei, sehemu ambayo nisingeitafuta. Wakulima wa huko wana hamira zao za ukoo, kveik, walizokuwa wakizikausha na kurithishana. Mwandishi wao Lars Marius Garshol alizunguka mashambani akizieleza, na dunia ikazijua. Ile ya Voss hufanya kazi vizuri kwenye digrii 35 hadi 40, inatoa harufu ya chungwa, na haileti ule ukali wa kichwa kuuma unaopata ukichachisha hamira ya kawaida kwenye joto.

Fikiria maana yake kwa mtu wa Kiembeni. Mpishi wa Uingereza anahangaika kupoza sufuria hadi 18. Maji yangu ya kisima ni digrii 28 au 29, yangegoma pale pale. Lakini mimi nataka 37 tu, na 37 nikaifikia kwa dakika chache bila kipande cha barafu. Nikamimina kwa kishindo kwenye pipa la lita 30 ili maji ya kimea yashike hewa, maana hii ndiyo mara pekee hewa inakaribishwa. Nikapima uzito wake kulinganisha na maji matupu, ili nijue sukari iliyomo: 1.062. Nikatia hamira na chakula chake kidogo, kisha nikalifunika pipa blanketi.

Ndiyo, blanketi, mchana wa Mombasa. Kivulini ni 31, na hamira hii ikishuka chini ya hapo inazembea. Majirani wameshazoea.

Mchana wote

Kuosha. Sina la kusema.

Saa kumi

Pipa la awamu iliyopita limekaa kwenye friza kubwa niliyoifunga thamostati ya nje. Uchachu uliisha mapema wiki hii. Nililishusha hadi digrii 14, nikatia gramu 150 za hopsi zisizochemshwa, nikaliacha siku tatu, kisha nikalishusha hadi mbili. Watu hupenda kutia hopsi hizi kwenye joto la chumba. Mimi sikubali, hasa pwani. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja ile sukari nzito, hamira inaamka upya, na bia inaanza kunuka siagi. Baridi inavituliza vyote viwili.

Sasa kazi ya hatari: kuihamisha bia kwenye kegi, lile pipa la chuma la kuhifadhia bia kwa gesi, bila kuionyesha hewa. Hakuna bia inayoogopa oksijeni kama hii. Ikigusana nayo, ile rangi ya juisi ya embe inageuka kijivu-kahawia kama ndizi iliyomenywa ikaachwa, na harufu inakufa kabla ya rangi. Kwa hiyo kegi ya lita 19 nilishaijaza maji ya dawa ya kuua vijidudu hadi mdomoni, nikayasukuma nje kwa kabonidayoksaidi, na ndani haikubaki hewa. Bomba moja linapeleka bia chini, lingine linarudisha gesi juu ya pipa. Ukiweka mkono kwenye kegi unahisi mstari wa baridi ukipanda pole pole, na hivyo ndivyo ninavyojua imefika wapi. Bia ilisoma 1.014 kwenye kipimo kile kile cha sukari, yaani asilimia sita na kidogo ya kileo.

Stima ikapotea kegi ikiwa nusu. Haikunishtua, kazi hii haitaki umeme, na friza lililofungwa hukaa na baridi yake saa nyingi. Nikamkataza kila mtu kulifungua, wakiwemo wanaotafuta maji ya kunywa.

Saa moja na nusu usiku

Kijana wangu alirudi kutoka Bamburi, ilikuwa kapasita kweli. Jamaa wawili watatu wakafika, tukakaa barazani na kegi ya mwezi huu, ile iliyokwisha kuiva. Mmoja, mpenzi wa Tusker tangu ujana, alinusa glasi akasema hii ni juisi, akataka ya pili. Mwingine alisema haiko wazi, hawezi kuona kidole chake upande wa pili, na anywe nini asichokiona. Huyo nilimpa soda.

Yule wa kwanza akaomba lita mbili kwenye chupa ya plastiki, kesho ana shughuli ya familia Mtwapa, atalipa. Siuzi, na hata kama ningempa bure, chupa ikifunguliwa na kutikiswa kwenye matatu, kesho mchana angewapa wageni maji ya kahawia kisha aseme ni mimi niliyepika. Nikamwambia awalete hao wageni hapa, na kila mmoja aje na barafu.