Siku moja maishani mwangu: baiti tano

Saa 1 asubuhi. Chai bado inatoa mvuke, simu inaita: seva moja imekataa kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo wake wa Linux, usiku. Sisi hubadilisha kerneli kwa kexec, yaani iliyo kazini inaipakia mpya na kuiachia usukani bila kuizungusha mashine nzima, yaani kuizima na kuiwasha. Kwanza lakini huikagua sahihi ya kidijitali, alama inayothibitisha kwamba kerneli mpya haijachezewa, na hapo ndipo ilipogoma.

Saa 2:30. Kijana wa zamu ananiuliza, "Kaka, tusizime ukaguzi leo tu, kesho tuurudishe?"

"Hapana, mdogo wangu. Ukimfungulia huyu bila kumkagua, umemfungulia yeyote."

Karibu hakuna kitu kwenye seva ambacho kerneli haikifikii. Sitazima ukaguzi hata kwa dakika moja.

Saa 4. Naifungua faili yenyewe, baiti kwa baiti. Tangu toleo 3.3 la mwaka 2012, kerneli ya Linux inaweza kuvaa umbo la PE, lilelile la programu za Windows, ili UEFI, programu inayoiamsha mashine, iiwashe moja kwa moja. Inaanza na herufi MZ, za jina la Mark Zbikowski. Kwenye nafasi ya 60 kuna namba inayokuonyesha kichwa halisi kilipo. Ukikifuata unafika kwenye orodha ya majedwali, na la tano ndilo la cheti, linaloonyesha sahihi ilipo na urefu wake. Hapa wengi hujikwaa: majedwali mengine hutaja anwani ya kumbukumbu, hili hutaja nafasi ndani ya faili.

Nikaenda mwisho wa faili, nikanakili kwa kalamu:

93 05 00 00 00 02 02 00 30 82 05 87

Namba hizi ni za hesabu ya kumi na sita. Baiti nne za kwanza ni urefu, zikisomwa kutoka nyuma: 1427. Kisha toleo, kisha aina ya cheti, PKCS#7, muundo wa kufungia sahihi. Hizo nane ndizo bahasha. Kuanzia 30 ni cheti chenyewe. Nikajumlisha: urefu wake 1415 (05 87) na 4 za kichwa chake, na 8 za bahasha. 1427 kamili! Jedwali nalo linasema 1427. Urefu wa sahihi hauna kasoro.

Saa 7 mchana. Wali na maharage, nikila huku nasoma msimbo wa mkaguzi, sehemu ya kerneli inayokagua sahihi. Anaupandisha urefu wa bahasha hadi kigawe cha 8, anapata 1432, baiti tano zaidi, halafu anadai jedwali liseme hivyohivyo. Jedwali linasema 1427, anakataa. Kumbe vipimo vya PE vinataka kupandisha huko wakati wa kuruka kutoka cheti kimoja hadi kingine tu. Urefu ulioandikwa haulazimiki kugawanyika kwa 8. Linux ilirekebisha hili mwaka 2023: sasa bahasha inakataliwa ikiwa ndefu kuliko jedwali linavyosema. Kerneli yetu ya zamani haikuwa na rekebisho hilo.

Saa 10 jioni. Nimeliingiza rekebisho kwenye kerneli yetu, nimeijenga, nimeitia sahihi. Anayekagua ni kerneli iliyo kazini, kwa hiyo leo lazima tuizungushe mashine mara moja, kwa ruhusa.

Saa 3 usiku. Kerneli mpya inapakiwa. Sijaridhika. Nabadilisha baiti moja katikati ya nakala yake: inakataliwa. Nabadilisha nyingine kwenye uga wa jumla ya ukaguzi (checksum), ambao hesabu ya sahihi huuruka: inakubaliwa, kama inavyopaswa.

Nikampigia yule kijana. "Irudishe kazini."