Watatuona

Leo ni Jumapili usiku. Watoto wamelala, taulo bado mbichi kwenye kamba kwa sababu kipupwe hiki hakikaushi hata leso, na mimi nimekaa jikoni natazamana na hotpoti. Ile ya maua mekundu, mnaijua, ndiyo iliyokatika mkono Idi ya mwaka juzi. Haijaenda popote. Imekaa juu ya kabati tangu Ijumaa, imeoshwa, mfuniko umekazwa, kama mgeni aliyejipamba kwenda harusini akafika mlangoni akaambiwa jina lake halimo.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake. Barua ya uhamisho wa Baba Watoto imetoka, ni Dodoma kuanzia Agosti. Jumanne tulikuwa Muheza kumzika baba mdogo. Kazini tunafunga mahesabu ya nusu mwaka na natoka giza limeshaingia. Hayo ndiyo nilipaswa kuyaandika. Lakini kila nikikaa, vidole vinarudi kulekule, Ijumaa saa 2 usiku, meza ya chakula.

Nilikuwa nimepanga vitu vya safari ya kwenda "kwenye maji". Ndivyo mapacha wanavyopaita, na siku hizi hata sisi wakubwa hatusemi vinginevyo: kule njia ya Bagamoyo, kwenye mabomba ya kuteleza marefu kama ghorofa na bwawa lenye mawimbi ya mashine. Wifi aliwaahidi watoto tangu kabla ya mtihani, likizo ya Juni imefika, ahadi imeiva.

Kwanza taulo. Sisi ni 5, na taulo likiwa kavu ni jepesi, likilowa ni zege. Baba Watoto akasema 3 zinatosha, tutapokezana. Nikamuuliza kama ameshawahi kumpokeza pacha mmoja kitu chochote na mwenzake asilie. Zikawa 6. Halafu masweta, maana mwezi huu upepo wa kusi ukikukuta umetoka kwenye maji, meno yanagongana Dar hiihii mnayoiona. Mafuta ya kupaka. Yeboyebo za akiba, kwa kuwa pacha wa pili hupoteza ya kushoto popote aendapo, sijui kwa nini kila mara ya kushoto. Nguo za kuogelea, na ile yangu ya mikono mirefu inayochukua nusu begi peke yake. Mifuko 2 ya Rambo ya kutia nguo mbichi. Ndiyo, najua ilipigwa marufuku Juni 2019, msinichongee, ni masalia, naiosha na kuianika kama nguo.

Hela tuligombana kidogo. Baba Watoto: tutalipa kwa simu, lipa namba zipo kila mahali. Mimi: na mtandao ukilala? Akacheka. Elfu 50 nikaitia mahali mama zetu walipokuwa wakitia hela, na simu nikaivalisha mfuko wa plastiki.

Bibie, binti yangu, nilishamsuka nywele za twende kilioni tangu Alhamisi, kwa sababu rasta zikinywa maji ya bwawa hukaa siku 3 zinanuka dawa. Alikuwa amekaa pembeni ya meza, ananitazama ninavyopanga, hasemi kitu. Nikasema, nusu kwa nafsi yangu, kwamba mchele nitauloweka usiku, pilau nitaipika alfajiri, kwenye hotpoti itafika saa 7 bado ina moto.

"Mama, hotpoti tuiache."

"Kwa nini?"

"Tu."

"Tu ndiyo nini?"

"Watatuona."

Basi. Akainuka akaenda kuangalia katuni.

Tangu hapo sijatulia. Nimelivunjavunja hilo neno kama mwalimu wa sarufi. Wa-ta-tu-ona. Kuona nakujua. Hiyo "ta" ni ya kesho, haina ugomvi. "Tu" ni sisi, na hapo nashukuru, angalau alijihesabu pamoja na hotpoti. Tatizo ni hiyo "wa" ya mwanzo. Kina nani? Darasani kwao nusu wamekwenda kwa bibi zao mikoani. Wahudumu wa mle ndani? Wanaona familia mia kwa siku, watatukumbuka sisi? Watoto wa wifi, wanaosoma shule ya basi la njano? Hao pilau yangu wameshaifuta sufuriani kwa vidole. Nikaishiwa watu. Lakini "wa" iko palepale, imesimama mlangoni kwangu, haina sura, na mtoto wangu wa miaka 11 anaijua kwa karibu kuliko mimi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sikumjibu. Mimi ninayekaa dirishani kutwa nzima nawajibu wateja waliokatwa hela kimakosa, wengine wanapiga kioo. Mtoto kanitupia neno moja, nikakunja kitambaa cha meza.

Na mchele sikuuloweka.

Nilichofanya ndicho kinachonitia aibu. Niliamka saa 10 usiku nikakaanga katlesi 24. Nikazifunga kwenye karatasi ya foili, foili nikaiviringisha ndani ya taulo, taulo nikalifunga kwa kanga ya mama, kanga nikaisukuma chini kabisa ya begi, juu yake nguo za ndani za mapacha. Nani atapekua nguo za ndani za watoto? Ukinikuta saa ile jikoni ungedhani napitisha magendo mpakani Horohoro.

Noah ya kukodi ikaja saa 2 asubuhi. Wifi alikuwa tayari amekaa mbele, na mkoba mmoja wa kung'aa usioingia hata soksi. Akaangalia mabegi yangu yanavyopakiwa, moja, mawili, matatu.

"Wifi, tunakwenda kuogelea au mnahama?"

Nilicheka kwa sauti. (Kabla ya saa 6 watoto wake wote wawili walikuwa wamejifunga taulo zangu. Nasema tu.)

Foleni ya Mwenge tuiache. Tulifika, tukapanga mstari getini, na mtu wa kwanza niliyemwona mbele yetu ni mama mmoja mnene wa dera la njano, amebeba hotpoti mbili, moja juu ya nyingine, wazi kabisa, kama anakwenda kwenye maulidi. Nilimtazama Bibie. Bibie alikuwa anatazama mabomba ya kuteleza.

Mlinzi akamwambia yule mama kwa adabu kwamba chakula cha nje hakiingii.

"Haya mwanangu," akasema yule mama, "tutakaa hapa nje tukile, kisha kiingie kikiwa matumboni. Hapo utakizuia?"

Mlinzi akacheka. Mama akageuka na ukoo wake, wakaenda zao chini ya mwarobaini, mkeka ukatandikwa.

Zamu yetu. Begi la kwanza, salama. La pili, salama. La tatu yule kijana akatia mkono, akasita, akagusa kitu kigumu. Akatoa nguo za ndani za mapacha moja moja, kwa heshima, akazipanga mezani. Akaitoa kanga. Wabongo hatuwezi kushika kanga bila kuisoma, hata tukiwa kazini. Akaigeuza akatafuta jina lake, akalisoma kwa sauti:

"Siri ya mtungi aijuaye kata."

Mstari mzima nyuma yetu ukaangua kicheko. Mimi kanga niliichukua gizani, sikuangalia imeandikwa nini. Akafungua taulo. Akafungua foili. Harufu ya bizari na kitunguu ikapanda, zikakaa pale 24, zinang'aa, bado zina joto kidogo. Kijana akamwita mwenzake: "Njoo uone, zimefungwa kama mtoto mchanga."

Watu wote walituona. Kina mama, kina baba, mtoto mmoja aliyebebwa mabegani akanyoosha kidole. Nilihisi joto limeanzia kisigino. Na katika kelele zile nikasikia kicheko kimoja kikubwa kuliko vyote, kinachokatika na kuanza upya, mtu ameshika tumbo. Ni Bibie. Alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, machozi yanamtoka, anarudia, "Aijuaye kata! Mama! Aijuaye kata!"

Sijamwona akicheka hivyo tangu aanze kuwa mkubwa. Miezi kama 6 sasa amekuwa anacheka kwa kufunika mdomo, nadhani kwa ajili ya lile pengo la jino.

Basi tukatoka nje, tukaenda chini ya mwarobaini uleule, yule mama wa dera akatusogezea mkeka kabla hatujaomba. Saa 4 asubuhi tukala katlesi kama watu waliotoka kufunga. Akatupa pilau, nikampa katlesi. Pilau yake ina zabibu, mimi si mtu wa zabibu, lakini nilikula. Mlinzi nikampelekea 2 kwenye kipande cha foili. Wifi, ambaye mwezi wa 3 sasa hali vitu vya kukaanga, alikula 4 akasema ni viazi tu. Bibie alikula 7, nilihesabu.

Yaliyobaki ni siku kama siku nyingine za kwenye maji. Mapacha waliogopa bomba kubwa, kisha wakakataa kutoka. Yeboyebo ya kushoto ilipotea. Baba Watoto aliteleza mara moja, akasema mgongo, akalala kwenye kiti. Mtandao haukulala, alilipa kila kitu kwa simu na kila mara akanitazama. Elfu 50 yangu ililowa tu bure na sasa noti 5 ziko juu ya mfuniko wa hotpoti zinakauka. Saa 9 watoto walisikia njaa tena, tukanunua chipsi kuku kwa bei ambayo ningepata kilo 4 za mchele, na zilikuwa tamu, sitadanganya.

Tukirudi, giza linaingia, Bibie kaniegemea kwenye Noah. Nikaona hapa ndipo. Nikamuuliza taratibu, wifi asisikie: "Wale uliosema watatuona, ulikuwa na maana kina nani?"

"Wapi?"

"Ijumaa. Hotpoti."

Alifikiri, nilimwona anafikiri kweli. "Sikumbuki," akasema, akalala.

Siku mbili zangu hizo.

Leo asubuhi nikampigia mama simu Tanga, nilitaka kumchekesha na habari ya kanga yake. Alicheka. Halafu nikamwambia na lile neno la Bibie, nikaongeza, kwa kujitetea nadhani, kwamba na sisi wakati wetu tulibeba kila kitu kwenda maonyesho ya Saba Saba: chapati, mihogo ya kuchemsha, chai kwenye chupa, kapu la ukindu mama analo kwapani kwenye daladala ya DCM ya Kariakoo mpaka Barabara ya Kilwa. Ninyi mnaosoma humu mnalijua kapu hilo. Nimeliandika mara 3 au 4. Kila mara nimeliandika vilevile, kwamba tulibeba kwa sababu hela ya kununua haikuwepo, na kwamba sikuona aibu.

Mama akanyamaza, nikadhani salio limekwisha.

"Nani alikwambia hela haikuwepo?"

"Si tulikuwa…"

"Baba yako alikuwa bandarini. Saba Saba ile tulinunua redio. Ulikuwa mwaka wa kipindupindu, 97. Watu wanakufa. Bwana afya anamwaga juisi za watu barabarani, na nyinyi mnalia juisi, juisi. Ningewalisha nini cha barabarani?"

Redio naikumbuka. Ilikuwa nyeusi, yenye kaseti mbili. Imekaa sebuleni kwetu Magomeni miaka yote ya shule yangu, na hata mara moja sikuiweka pamoja na kapu katika kichwa hikihiki. Kumbe vilirudi kwenye DCM ileile. Kumbe huyo mwanamke wa kwenye maandishi yangu, anayehesabu sarafu, hakuwa akihesabu sarafu. Alikuwa anatazama mikono ya wauza maji. Nimekaa nafikiria kama nirudi nyuma nizirekebishe zile nilizoandika. Wengi mlinitumia maneno mazuri juu yake. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuniambia. Akasema hukuuliza, uliandika.

Basi nimeandika tena. Kipindupindu, redio, bwana afya. Hotpoti naiacha palepale juu ya kabati mpaka noti zikauke.

Dada wa kazi anaondoka kesho, basi la saa 11 alfajiri kutoka Mbezi, anakwenda Singida kumwuguza mama yake. Wiki mbili, amesema, na nimempa nauli ya kwenda na kurudi. Sasa hivi nimepita chumbani kwake kuchukua pasi. Kitanda kimetandikwa vizuri kuliko siku zote. Mto haupo, na kile kioo chake kidogo cha ukutani hakipo.